Ukoo Uliokatikia Ndani ya Yai: Historia ya Mionzi, Kromosomu na Wadudu

Mwishoni mwa mwaka 1926, katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Hermann Joseph Muller alitia inzi wa matunda ndani ya vidonge vitupu vya jelatini, akaviweka chini ya mashine ya eksirei, akaiwasha. Alipowatoa, inzi walikuwa wazima. Walitembea, walikula, madume wakawapanda majike. Kwa kumtazama mdudu mwenyewe, hakuna ambaye angejua kuwa amepitiwa na mionzi. Muller akasubiri watoto, kisha wajukuu, na huko ndiko kilikojitokeza kile kilichotendeka siku ya mashine.

Miaka sabini baadaye, Septemba 1996, mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa katika kisiwa cha Unguja. Ukoo wake haukumalizwa na sumu peke yake. Ulikatika kwa sababu ya jambo lile lile ambalo Muller alianza kuliona ndani ya chupa zake: mionzi inaweza kumwacha mdudu hai na kuukata uzao wake, kwa kuwa kidonda inachokitia hukaa kimya mpaka seli inapoanza kugawanyika. Baina ya chupa za Austin na msitu wa Jozani kisiwani humo kuna historia ndefu, na Tanzania ina sehemu yake humo, kuanzia Shinyanga hadi Tanga.

Nyuzi zinazogawanywa

Mwaka 1882 Walther Flemming, mwanasayansi wa Kijerumani aliyefundisha Kiel, alichapisha kitabu kilichoeleza kwa picha za kuchorwa kwa mkono namna seli inavyozaa seli. Alitumia mabuu ya salamanda, ambao seli zao ni kubwa, akazipaka rangi. Ndani ya kiini aliona nyuzi zikinenepa, zikijipanga katikati ya seli, kisha zikigawanyika kwa urefu na nusu zake kuvutwa kuelekea pande mbili. Mgawanyiko huo aliuita mitosisi. Nyuzi zenyewe baadaye ziliitwa kromosomu.

Wadudu ndio waliosaidia kueleza kazi ya nyuzi hizo. Mwaka 1902 kijana Walter Sutton, aliyekuwa amekusanya panzi wakubwa wa Kansas, aliona kwamba kromosomu za panzi huja jozi jozi, na kwamba jozi hutengana pale mbegu za uzazi zinapotengenezwa. Akakata shauri kuwa urithi wa baba na mama hubebwa humo. Mwaka 1905 Nettie Stevens, akichunguza mbawakawa wa unga, alionyesha kuwa jinsia ya mtoto hutegemea kromosomu moja ndogo inayotoka kwa dume. Mwaka 1910, katika Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, Thomas Hunt Morgan alimpata inzi wa matunda mwenye macho meupe badala ya mekundu, na kwa kufuatilia uzao wake akathibitisha kuwa jeni ya rangi ya macho imekaa juu ya kromosomu ya jinsia. Inzi huyo ana jozi nne tu za kromosomu, huzaliana kwa siku kama kumi, na mamia yake hutosha katika chupa moja. Muller alijifunza kazi katika maabara ya Morgan.

Mionzi nayo ilikuwa na historia yake. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei mwezi Novemba 1895, na miaka michache tu baadaye madaktari walikuwa wakiitumia dhidi ya uvimbe. Mwaka 1906 Wafaransa wawili, Jean Bergonié na Louis Tribondeau, waliokuwa wakimulika korodani za panya, waliandika kanuni inayoheshimiwa hadi leo: seli inayogawanyika mara kwa mara huumizwa na mionzi kuliko seli iliyokwisha kukomaa na kutulia. Mwaka 1916 G. A. Runner, Mmarekani aliyepambana na mbawakawa wanaoharibu tumbaku, aliripoti kuwa mbawakawa waliopigwa eksirei kwa wingi walitaga mayai yasiyoanguliwa. Aliona tokeo, lakini sababu yake haikuwa imejulikana bado.

Chupa isiyo na madume

Tatizo la Muller lilikuwa la kuhesabu. Mabadiliko ya jeni ya asili ni adimu mno, na mengi humuua mdudu kabla hajaonekana. Alitengeneza kwa hiyo ukoo wa majike wenye kromosomu ya jinsia iliyowekewa alama: ilibeba jeni ya macho membamba ili itambulike, jeni ya kuua ili dume yeyote atakayeirithi asiishi, na kipande kilichogeuzwa ili isichanganyike na mwenzake. Majike hao aliwapandisha na madume waliomulikwa. Kama mionzi imetia jeni mpya ya kuua katika kromosomu ya jinsia ya dume, basi wajukuu wa kiume katika chupa ile wote hufa: nusu huuawa na jeni ya zamani, nusu na jeni mpya. Mtafiti hana haja ya darubini. Huinua chupa, hutazama, na kama hakuna dume hata mmoja, amepata jibu.

Chupa zisizo na madume zilikuwa nyingi. Tarehe 22 Julai 1927 jarida la Science lilichapa taarifa yake fupi. Alieleza kuwa kipimo kikubwa cha eksirei kimeongeza mabadiliko ya jeni kwa asilimia kama elfu kumi na tano, yaani mara mia na hamsini ya kawaida. Septemba ya mwaka huo alisimama mbele ya mkutano wa kimataifa wa wanajenetiki jijini Berlin na kutoa ushahidi wake kamili. Mpaka siku ile urithi ulidhaniwa kuwa kitu ambacho mkono wa mtu hauwezi kukigusa.

Katika taarifa hiyo hiyo kulikuwa na mambo mengine mawili ambayo hayakushangiliwa sana. Kwanza, mionzi haikugusa jeni moja moja tu, bali ilizikata kromosomu na kuziunga upya kwa namna isiyo yake: vipande viligeuzwa, na vingine vilihamia kromosomu ya jirani. Pili, mayai mengi yaliyorutubishwa na mbegu za madume waliomulikwa hayakuanguliwa kamwe. Madhara haya ya pili aliyaita ya kuua yenye nguvu, kwa kuwa nakala moja iliyoharibika kutoka kwa baba ilitosha kumuua mtoto, hata kama nakala ya mama ilikuwa nzima.

Kinachotokea ndani ya seli

Ilichukua zaidi ya miaka kumi kueleza kwa nini. Mwonzi unapopita katika seli hung'oa elektroni kutoka katika molekuli unazozipiga. Hupiga DNA yenyewe, au hupiga maji yaliyoizunguka na kuyafanya yawe kemikali kali zinazoishambulia. Uzi mmoja wa DNA ukikatika, seli huutengeneza kwa kutazama uzi wa pili. Zikikatika zote mbili mahali pamoja, kromosomu yenyewe imevunjika.

Seli iliyotulia inaweza kuishi na mvunjiko huo kwa muda mrefu, maana jeni zote bado zimo ndani ya kiini. Balaa huanza pale seli inapogawanyika. Kila kromosomu ina sehemu iitwayo sentromia, ambako nyuzi za mgawanyo hushika na kuivuta. Kipande kilichokatika bila sentromia hakina pa kushikwa. Kromosomu nyingine zinapovutwa kwenda pande zake, chenyewe hubaki kikielea kama mashua iliyokatika amari, na seli mpya huzaliwa zikiwa zimepungukiwa na jeni za kipande hicho.

Ubaya mwingine ni wa miisho iliyokatika. Ncha mbichi za kromosomu hunata. Kromosomu mbili zilizovunjika zinaweza kuungana kwenye ncha zake, zikawa kromosomu moja yenye sentromia mbili. Wakati wa mgawanyiko sentromia moja huvutwa upande huu na ya pili upande ule, kromosomu hutanuka katikati ya seli mfano wa daraja, kisha hukatika. Ncha mpya zilizokatika huungana tena, hunyooka daraja tena, hukatika tena, kizazi baada ya kizazi cha seli. Barbara McClintock aliufuatilia mzunguko huo katika mahindi mwishoni mwa miaka ya 1930. Wakati huo huo Muller, ambaye alikuwa Edinburgh, alitambua kuwa ncha ya asili ya kromosomu ya inzi ina kitu maalumu kinachoizuia isinate, na kwamba mionzi ikiiondoa, kromosomu haitulii. Kitu hicho alikiita telomia mwaka 1938.

Sasa fumbo la mayai yasiyoanguliwa likafumbuka. Mbegu ya kiume iliyokomaa haina uwezo wa kujitengeneza. Ikivunjwa kromosomu zake hubaki zimevunjwa, lakini bado huogelea, bado hulifikia yai, bado hulirutubisha. Ndani ya yai la inzi viini huanza kugawanyika kwa kasi kubwa, mara moja katika kila dakika kumi hivi. Madaraja na vipande vilivyopotea hujazana kuanzia migawanyiko ya mwanzo, na kiinitete hufa kabla hakijawa buu.

Panzi alitoa ushahidi wa aina nyingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, J. Gordon Carlson, Mmarekani, alichunguza seli kubwa za neva katika viinitete vya panzi, seli ambazo zinaweza kuwekwa hai katika tone la maji maalumu na kutazamwa zikigawanyika. Aligundua kuwa hata mionzi kidogo husimamisha mgawanyiko. Seli iliyokuwa katika hatua za mwanzo ilisita, na nyingine zilirudi nyuma, huku seli iliyokwisha kuvuka hatua fulani ikiendelea mpaka mwisho. Hivyo saa aliyopigwa mdudu ilikuwa na uzito kama kiasi cha mionzi aliyopokea.

Kanuni ya vipande kupotea haiwahusu wadudu wote sawasawa. Mwaka 1941 Sally Hughes-Schrader na Hans Ris walimulika wadudu wadogo wafyonzao majani, wa jamii ya vidugamba, wakaona ajabu: vipande vya kromosomu havikupotea. Vilivutwa na kugawanywa kana kwamba kila kimoja ni kromosomu nzima. Katika wadudu hao nguvu ya sentromia imetandazwa katika urefu wote wa kromosomu. Vipepeo na nondo wako karibu na hali hiyo, na ndiyo maana huhitaji mionzi mingi zaidi kuliko inzi ili wawe tasa.

Watu watatu wasiojuana

Wazo la kumtumia mdudu dhidi ya jamii yake mwenyewe liliwajia watu watatu, katika nchi tatu, katika kipindi kimoja, kila mmoja bila kuwajua wenzake.

Wa kwanza alikuwa Aleksandr Serebrovsky wa Moscow. Mwaka 1940 alipendekeza kufuga wadudu waharibifu ambao kromosomu zao zimepangwa upya kwa mionzi, kisha kuwaachia porini, ili watoto wa mchanganyiko wafe kwa kurithi jeni pungufu au zilizozidi. Vita na siasa za Urusi, ambazo wakati ule ziliipiga vita jenetiki, zilizima kazi yake.

Wa pili alikuwa F. L. Vanderplank, Mwingereza aliyefanya kazi Shinyanga, Tanganyika, katika kituo cha utafiti wa mbung'o. Hakutumia mionzi. Aligundua kuwa aina mbili za mbung'o wanaofanana hupandana bila kubaguana, lakini uzao wao ni hafifu au haupo kabisa. Katika miaka ya 1940 alikusanya pupa wa aina moja kwa maelfu, akawaachia katika eneo kavu lililokaliwa na aina ya pili. Aina ya wenyeji iliporomoka karibu kutoweka, nao wageni wakashindwa na ukame. Taarifa kamili ya jaribio lile haikuchapishwa wakati wake. Hata hivyo, katika pori la Usukuma ilikwisha kuonekana kuwa mbung'o anaweza kuangushwa kwa ndoa isiyozaa.

Wa tatu alikuwa Edward Knipling wa Texas, mtoto wa mkulima. Adui yake alikuwa inzi wa funza wa vidonda, ambaye jike wake hutaga mayai pembezoni mwa jeraha la mnyama, na mabuu yake hula nyama iliyo hai. Kitovu cha ndama aliyezaliwa jana kilitosha kumwitia kifo. Knipling na mwenzake Raymond Bushland walijua siri moja ya inzi huyu: jike hupandwa mara moja tu maishani. Akipandwa na dume asiye na uzazi, amekwisha.

Hesabu ya Knipling ilikuwa nyepesi na ya kutisha. Chukua eneo lenye majike milioni moja na madume milioni moja. Achia madume tasa milioni mbili. Theluthi mbili ya majike watapandwa bure, na kama kila jike anayezaa huacha binti mmoja tu, kizazi kijacho kitakuwa na majike 333,333. Achia tena milioni mbili: watabaki 47,619. Tena: 1,107. Mara ya nne habaki hata mmoja. Sumu hupungukiwa na nguvu kadiri wadudu wanavyoadimika, maana ni vigumu kuwafikia wachache waliojificha. Madume tasa huzidi nguvu kadiri adui anavyopungua, kwa sababu dume mwenyewe humtafuta jike hadi amfikie.

Kilichokosekana ni njia ya kuwafanya madume wawe tasa bila kuwaua hamu. Mwaka 1950 mwenzake mmoja alimwonyesha Knipling makala ya Muller juu ya madhara ya mionzi kwa urithi. Knipling akamwandikia Muller, naye akajibu kwamba jambo hilo linawezekana. Bushland akawapeleka pupa kwenye mashine ya eksirei ya hospitali ya jeshi huko Texas. Madume waliotoka katika pupa hao walipanda kama kawaida, na mayai ya wake zao hayakuanguliwa.

Muller mwenyewe alikuwa amekwisha kutunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1946, mwaka mmoja baada ya Hiroshima na Nagasaki. Aliutumia umaarufu wake kuonya kuwa kromosomu za binadamu hukatika kwa kanuni ile ile ya kromosomu za inzi, na mwaka 1955 alikuwa miongoni mwa watu kumi na mmoja waliotia saini tamko la Russell na Einstein dhidi ya silaha za nyuklia.

Kutoka Curaçao hadi Libya

Jaribio la kwanza, katika kisiwa cha Sanibel pwani ya Florida, lilipunguza inzi lakini halikuwamaliza, kwa kuwa kisiwa kile kiko karibu mno na bara na majike waliokwisha kupandwa waliruka wakaingia. Mwaka 1954 kazi ikahamia Curaçao, kisiwa cha Waholanzi kilichoko kilomita kama sitini na tano kutoka Venezuela. Pupa walifugwa Orlando, wakapigwa mionzi ya gama kutoka kobalti-60, wakasafirishwa kwa ndege. Walipoachia madume wachache mno hawakupata kitu. Walipofikisha madume mia nne kwa kila maili ya mraba kila wiki, mayai yaliyokusanywa kwenye vidonda vya mbuzi yakaanza kuwa maganda matupu, na katika wiki kama kumi na nne inzi akatoweka kisiwani.

Baada ya hapo kazi ikawa ya kiwanda. Kiwanda cha Sebring, Florida, kilichofunguliwa 1958, kilizalisha inzi milioni hamsini kwa wiki, na majimbo ya kusini mashariki ya Marekani yakasafika mwaka 1959. Mexico ilitangazwa kuwa haina inzi huyo mwaka 1991. Mwaka 1988 inzi yule yule alikutwa Libya, mara yake ya kwanza kuota mizizi nje ya mabara ya Amerika, na hofu ikatanda kwamba angeshuka kusini hadi kwenye mifugo na wanyamapori wa Afrika. Ndege zilileta madume tasa kutoka Mexico, hadi milioni arobaini kwa wiki, na mwaka 1992 Libya ikatangazwa kuwa salama. Mwaka huo Knipling na Bushland walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Tanga na Unguja

Mbung'o ni mdudu wa tabia nyingine. Hatagi mamia ya mayai. Jike hubeba yai moja ndani ya tumbo lake la uzazi, buu huanguliwa humo na kulelewa kwa maziwa ya tezi, kisha huzaliwa akiwa mkubwa na kujichimbia ardhini kuwa pupa. Humchukua mama siku tisa au kumi kwa kila mtoto, na katika maisha yake yote huzaa wachache tu. Ni mgumu kumfuga kwa wingi, lakini uzazi wake wa taratibu ndio udhaifu wake, kwani kila mimba inayoharibika ni hasara kubwa kwa ukoo.

Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Kimarekani na Kitanzania waliijaribu njia ya madume tasa katika ranchi ya Mkwaja, mkoani Tanga, baada ya kunyunyizia dawa. Idadi ya mbung'o ilibanwa chini kwa zaidi ya mwaka. Lakini bara haina ukuta, na mbung'o wa mapori jirani hawakukoma kuingia. Faida kubwa iliyobaki ilikuwa elimu ya ufugaji wao, nayo ikajenga msingi wa taasisi ya utafiti wa mbung'o iliyoko Tanga.

Unguja ilikuwa tofauti. Ni kisiwa cha kilomita za mraba kama 1,600, kilichotengwa na bara kwa bahari ya kilomita zisizopungua thelathini, na kina aina moja tu ya mbung'o, Glossina austeni. Aina hiyo iliwaambukiza ng'ombe nagana, ugonjwa unaokausha damu, kukata maziwa na kuharibu mimba. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, ng'ombe walimiminiwa dawa mgongoni na vitambaa vyenye dawa vikatundikwa porini. Malishoni mbung'o wakaadimika. Katika Jozani, msitu wa kima punju, ambako mbung'o walijilisha kwa nguruwe mwitu na paa, sumu haikuwafikia.

Wakala wa Kimataifa wa Nishati ya Atomiki, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na serikali za Tanzania na Zanzibar wakaingia kazini pamoja. Huko Tanga mbung'o walifugwa kwa mamia ya maelfu, wakilishwa damu ya ng'ombe kupitia utando wa silikoni uliopashwa joto la ngozi. Madume walitengwa na kupigwa mionzi ya gama ya kipimo cha grei 120. Mtu akipata grei nne au tano mwili mzima bila matibabu, nafasi yake ya kufa ni nusu kwa nusu. Mbung'o mkomavu huvumilia kipimo kikubwa kiasi hicho kwa sababu seli nyingi za mwili wake zimekwisha kuacha kugawanyika. Ni kanuni ya Bergonié na Tribondeau, safari hii ikifanya kazi kwa faida ya mfugaji.

Kuanzia Agosti 1994 hadi Desemba 1997, ndege ndogo zilidondosha juu ya kisiwa madume tasa milioni nane na nusu. Wakati huo huo timu ya watafiti, miongoni mwao Marc Vreysen wa Ubelgiji na Khalfan Saleh wa Zanzibar, iliwanasa mbung'o kwa mabango yenye gundi na kuwapasua majike chini ya darubini. Hapo ndipo kazi ya Muller ilipoonekana waziwazi katika msitu wa Kiafrika. Mwishoni mwa 1994, majike wa porini waliokutwa na yai lililokufa, au tumbo la uzazi tupu baada ya kuharibu mimba, hawakufika wawili katika mia. Robo ya mwisho ya 1995 walikuwa zaidi ya sabini katika mia. Jike alipandwa, akahifadhi mbegu za dume tasa, na kila yai lililoshuka likafa katika migawanyiko yake ya mwanzo. Baada ya siku kumi likashuka jingine, nalo likafa.

Mbung'o wa mwisho wa porini alipatikana Septemba 1996. Madume tasa waliendelea kuachiwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, ili pasibaki shaka. Nagana ikaondoka Unguja, na wafugaji wakaweza kuweka ng'ombe wa maziwa wa mbegu bora ambao zamani wasingedumu.

Yaliyothibitika

Historia hii imethibitisha mambo mawili. La kwanza ni kuwa utafiti usioonekana kuwa na faida unaweza kuwa na faida kubwa kuliko zote. Sutton alihesabu kromosomu za panzi, Muller aliinua chupa za inzi, Carlson alitazama seli moja ikisita kugawanyika. Hakuna kati yao aliyekuwa akimfikiria ng'ombe wa Unguja. Lakini bila wao kiwango cha grei 120 kisingekuwa na maana yoyote, wala hakuna ambaye angejua kwa nini jike aliyepasuliwa Jozani ana tumbo tupu.

La pili ni kuwa ushindi wa namna hii hulindwa. Funza wa vidonda, aliyezuiwa kwa miaka mingi na kizuizi cha madume tasa nchini Panama, alikivuka katika miaka ya hivi karibuni, na mwishoni mwa 2024 alikuwa amerudi Mexico. Unguja inalindwa na bahari, lakini bahari haikagui shehena ya ng'ombe wala haimhoji abiria. Bara la Tanzania, lisilo na bahari ya kulizunguka, bado lina mbung'o katika mapori mengi, na huko njia hii haiwezi kusimama peke yake bila dawa, mitego na ushirikiano wa nchi jirani.

Wanafunzi wetu hufundishwa mitosisi kwa michoro na hufundishwa jenetiki kwa njegere za Mendel. Wafundishwe pia Shinyanga, Tanga na Jozani. Vituo vya utafiti vilivyobeba kazi hii vipewe fedha na vijana wa kuiendeleza, kwa sababu maarifa ya kumwangamiza mbung'o kwa kromosomu zake mwenyewe tunayo, na yalithibitishwa katika ardhi yetu kwa mikono ya watu wetu.